Mark X inakula mafuta kiasi gani, na itadumu? Jibu kwa mwalimu wa Dodoma

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Nimejichanga muda mrefu na sasa nataka Toyota Mark X, ile ya injini 2,500. Shida ni kwamba nimeuliza watu watatu wanaoimiliki nikapata majibu matatu. Wa kwanza yuko Dar, anasema inampa kilomita 6 kwa lita na anataka kuiuza. Wa pili yuko Singida, anasema anapata 12 mpaka 13. Wa tatu anasema mafuta si tatizo, tatizo ni injini kutetemeka asubuhi na kula oili. Nimeona gari mbili: moja ya 2007 iko yadi Dar, inang'aa kama mpya, dashibodi inasoma kilomita 98,000. Nyingine ni ya 2012, ya mtumishi mmoja hapa hapa Dodoma, ina kilomita 141,000. Kwa siku natembea kama kilomita 30 na kila mwezi nashuka Dar mara moja. Nichukue? Na nichukue ipi?"

Marahaba mwalimu. Hao watu watatu wote wamekwambia kweli. Gari ni ile ile, injini ni ile ile, ila kila mmoja anaishi nayo kwa namna yake. Ukielewa kwa nini majibu yao yanatofautiana, utakuwa umeshajijibu zaidi ya nusu ya swali lako.

Nianze na huyu wa Dar. Mark X ya 2.5 ina injini ya V6 iitwayo 4GR-FSE, silinda sita, kwenye gari lenye uzito wa karibu kilo 1,500. Injini ya namna hii ikiwa imesimama inanguruma tu na AC imewashwa, inachoma karibu lita moja kwa saa. Sasa chukua mtu anayetoka Mbezi kwenda Posta jioni ya mvua. Tuseme katika safari hiyo kuna kipande cha kilomita 10 kilichomchukua saa moja na nusu, na saa nzima kati ya hizo alikuwa amesimama. Zile kilomita 10 za kutembea zimemla lita moja, kusimama kumemla lita nyingine. Lita mbili kwa kilomita 10: hiyo ni kilomita 5 kwa lita, na gari halina ugonjwa wowote. Angekuwa na gari la 1.3 angelalamika pia, ila kwa sauti ndogo zaidi, kwa sababu injini ndogo ikisimama inachoma kidogo.

Wa Singida naye anaendesha barabara iliyonyooka, magari machache, mwendo wa 90 mpaka 100 usiobadilika. Gia ya sita ikishaingia, mizunguko ya injini inakaa karibu 2,000 na injini inapumua bila taabu. Kilomita 12 kwa lita hapo ni jambo la kawaida kabisa. Japan walipoipima kwa utaratibu wao wa zamani wa 10-15, ambao gari hupimwa juu ya rola, injini ikiwa imeshapata moto na AC imezimwa, walipata namba za aina hiyo hiyo. Mimi lakini napenda zaidi vipimo vya Marekani, kwa sababu vinakaribia maisha ya barabarani. Kule Lexus IS250, inayotumia injini hii hii na uzito wake haupishani sana na Mark X, ilipimwa na serikali ikatoa kama kilomita 9 kwa lita mjini na 12 barabara kuu. Kwa hiyo mtu akikwambia Mark X yake inampa 15 mjini, mwitikie kwa heshima kisha endelea na shughuli zako.

Kwako wewe wa Dodoma, foleni si kubwa kama ya Dar, lakini safari zako za kila siku ni fupi na matuta hayahesabiki. Injini ya baridi inakula zaidi mpaka ipate moto, na kila tuta linakulazimisha kupunguza mwendo halafu kukanyaga upya. Hesabia 7.5 mjini na 11.5 ukishuka Dar. Kilomita 30 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni kilomita 780, sawa na lita 104. Kwenda Dar na kurudi ni kama kilomita 900, sawa na lita 78. Jumla lita 182 kwa mwezi. Gari kama Premio ya 1.8 kwa mizunguko hiyo hiyo ingekula lita 138 hivi. Tofauti ni lita 44. Tukichukulia petroli shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, unalipa kama 132,000 kila mwezi kwa ajili ya V6. Hiyo ndiyo bei ya raha unayoitaka, na ijulikane mapema. Kama 132,000 kwa mwezi inakunyima usingizi, basi gari lako ni Premio, na hakuna aibu yoyote kuendesha Premio.

Ukishanunua, pima mwenyewe, usitegemee kile kisomeo cha dashibodi. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha trip (kihesabio cha kilomita za safari) sifuri, tembea mpaka tenki lifike robo, rudi kituo kile kile, jaza tena mpaka ikate. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita ulizoweka. Fanya hivyo kwa tenki kadhaa mfululizo, maana tenki moja hudanganya.

Na angalia matairi kabla hujaamini namba za mtu mwingine. Tairi la kiwandani kwenye nyingi za 250G, yaani Mark X hii ya 2.5, ni 215/60R16. Watu wetu, kwa sababu gari hili liko chini, kama sentimita 15 tu kutoka ardhini, huvalisha 225/65R16 ili linyanyuke. Tairi hilo ni kubwa kwa karibu asilimia 5. Likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini dashibodi haijui, inaendelea kuhesabu kana kwamba tairi ni lile la zamani. Gari limetembea kilomita 105, dashibodi inaandika 100. Mwenye gari anagawanya, anaona linakula kuliko lilivyo. Wapo walioanza kubadilisha plagi na sensa kwa sababu hiyo tu.

Kuna pia mambo ambayo mafundi wenzangu huyafanya kwa nia njema na kumgharimu mteja petroli miaka na miaka. Baya kuliko yote ni kutoa thermostati. Gari likipandisha joto mara moja, fundi anaing'oa, anasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Thermostati kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kufanyia kazi. Ukiitoa, injini inakaa baridi muda wote, hasa ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu ambapo upepo unapoza rejeta. Kompyuta inaona injini bado haijapata moto, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Oili nayo haifikii joto la kuukausha unyevu ulioingia ndani yake. Ukiona mshale wa joto haufiki katikati hata baada ya nusu saa ya safari, uliza thermostati iko wapi. Jambo jingine ni kukata masega ya ekzosi, yaani katalisti inayosafisha moshi, na kuyauza. Hapo sensa ya oksijeni ya nyuma inalalamika, taa ya injini inawaka, na kwa kuwa inawaka siku zote, mwenye gari anaizoea. Siku tatizo la kweli likija, taa ile ile ndiyo ingemwambia, na yeye ameshaacha kuitazama.

Mwendo nao. Ukitoka 100 ukaenda 130, msukumo wa hewa mbele ya gari unaongezeka kwa karibu asilimia 70. Mark X inafika 130 kimya kimya bila wewe kuhisi, na hapo ndipo kilomita 12 zinageuka 9. Zaidi ya petroli, hili ni gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na njia ya Chalinze, Morogoro na Gairo imejaa malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Congo. Kuovateki kwa nguvu kwenye lami yenye maji ya mvua na matairi yaliyoisha, na mkia wa gari unataka kupita mbele. Nakuomba sana, fedha za rimu mpya zitie kwanza kwenye matairi mazuri.

Sasa tuje kwa mtu wako wa tatu, yule ambaye injini yake inatetemeka asubuhi na kula oili. Huyu ndiye wa kumsikiliza kwa makini kuliko wote, kwa sababu petroli inakumaliza kidogo kidogo, ila hiki alichokitaja kinaweza kukumaliza kwa mara moja.

Kwenye magari ya zamani, mfano zile Grande tulizozizoea, nozeli ilikuwa inapuliza petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu ya kuingizia. Petroli ilikuwa inaiosha valvu ile kila mara injini inapozunguka. Kwenye 4GR-FSE nozeli inapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa presha kubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya injini ya 2,500 kutoa nguvu za farasi zaidi ya 200. Ila valvu ya kuingizia haioshwi tena na kitu chochote. Inapitiwa na hewa peke yake, na hewa hiyo imechanganyika na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka tumbo la injini. Mvuke unagonga valvu yenye moto, unaungua, unaganda. Baada ya miaka, shingo ya valvu inavaa tabaka nene jeusi, gumu. Nimefungua injini hizi nikakuta shingo ya valvu imenenepa hadi njia ya hewa imebaki nyembamba, na kila silinda na unene wake. Silinda hii inapata hewa nyingi, ile inapata kidogo, na injini ikiwa ya baridi asubuhi tofauti hiyo ndiyo unayoisikia kwenye usukani na kwenye kiti.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Marekani wenye IS250 za miaka ya mwanzo walilalamika mpaka Lexus ikaongeza muda wa dhamana kwa ajili yake na kutoa pistoni na ringi zilizorekebishwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kusema petroli yetu ni mbovu au mafundi wetu ndio walioharibu. Injini ilizaliwa na udhaifu huo.

Tiba yake ipo. Mrija mkuu wa kuingizia hewa unafunguliwa, injini inazungushwa kwa mkono mpaka valvu za silinda inayosafishwa ziwe zimefunga kabisa, halafu uchafu unalainishwa kwa dawa na kukwanguliwa, au unapigwa na chenga za maganda ya jozi kwa kompresa. Valvu ikiwa wazi hata kidogo wakati wa kazi hiyo, chenga ngumu zinaingia ndani ya silinda na unakuwa umenunua tatizo jipya. Gaskiti zinawekwa mpya. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi mtulivu. Dawa za kumimina kwenye tenki haziwezi kusafisha valvu hizi, maana petroli haipiti pale. Zinaweza kusaidia nozeli, basi. Ukiuziwa chupa kwa ahadi ya kuondoa mtetemo wa asubuhi, hifadhi hela yako.

Kula oili ni ndugu wa tatizo hilo hilo. Ringi za chini kwenye pistoni, zile za kukwangua oili, zikijaa uchafu zinaganda kwenye nafasi zake, oili inapita juu na kuungua. Oili ikiungua zaidi, uchafu unaongezeka kila mahali. Namna ya kujua kiasi: baada ya sevisi weka oili mpaka alama ya juu, halafu kila kilomita 1,000 chomoa kipimo asubuhi gari likiwa limesimama sehemu tambarare. Kupungua kidogo si hoja. Ikipungua lita nzima kabla ya kilomita 2,000, ringi zina matatizo, na hapo unazungumzia kufungua injini. Jawabu la mtaani ni kumwaga oili nzito ya 20W-50 ili isipite. Usikubali. Injini hii ina cheni na mfumo wa VVT-i, ule wa kubadili muda wa valvu kufunguka, unaofanya kazi kwa presha ya oili kwenye vijia vyembamba sana, na ilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi, na cheni ndiyo inayolipa. Weka 5W-30 halisi, takriban lita 6, badilisha kila kilomita 5,000 bila kungoja, pamoja na filta. Sijaona kitu kinachochelewesha uchafu ule kwenye valvu na ringi kama utaratibu huu wa oili safi kwa wakati.

Mengine ya kuharibika kwenye gari hili nayapitia haraka, kwa sababu ni ya kawaida na vipuri vimejaa Gerezani na Ilala kule Dar. Injini ile imetumika pia kwenye Crown, kwa hiyo hutakosa spea. Pampu ya maji huanza kuvuja ikizeeka. Utaona ukoko wa rangi ya waridi pembeni yake, ambao ni kulenti (maji ya kupozea injini) ya Toyota iliyokauka. Badilisha kabla haijakuacha Gairo usiku. Bushi za mbele na boljointi zinachoka kwa sababu ya matuta na mashimo, utasikia kitu kikigonga chini ya gari. Koili za plagi hufa moja moja. Harufu ya petroli mbichi ukifungua boneti usiipuuze hata siku moja, kwani mfumo wa mafuta wa injini hii unafanya kazi kwa presha kubwa karibu na vitu vyenye moto. Mwaka 2011 Toyota iliziita gari za Lexus za familia hii ya injini zirudi kwa sababu ya sensa ya presha ya petroli kulegea na kuvujisha.

Giaboksi inahitaji maneno machache zaidi. Ni ya gia sita, imara sana, na inauawa na mambo mawili: kutobadilishwa oili kabisa kwa kuamini kwamba ni ya maisha, na kuwekewa oili isiyo yake. Inataka ATF (oili ya giaboksi) ya aina ya WS. Haina kijiti cha kupimia kama giaboksi za zamani. Kiwango chake kinapimwa kwa tundu la chini, injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa kwenye joto maalumu. Fundi akikwambia ataijaza kwa kukadiria, ondoa gari lako. Ikianza kushtuka inapobadili gia ya pili kwenda ya tatu, au ukiwa kwenye mwendo wa 80 mizunguko inapanda na kushuka bila wewe kugusa pedali, hapo petroli yako nayo inapotea, maana injini inazunguka bure bila nguvu yote kufika kwenye magurudumu.

Tufike kwenye gari zako mbili.

Ile ya 2007 ni toleo la kwanza, lililoingia sokoni Japan Novemba 2004. Injini yake ilipangwa kutumia petroli ya daraja la juu ya Japan, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka ovyo) na kwenye vituo vyao huwa karibu 100, ndiyo maana ilitoa farasi 215. Ukiiwekea petroli ya kawaida haifi. Kompyuta inasikia petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda na kurudisha nyuma muda wa cheche, unapoteza nguvu kidogo na unapoteza petroli kidogo. Toleo la pili, lililotoka Oktoba 2009, injini ya 2.5 walishusha hadi farasi 203 makusudi ili itumie petroli ya kawaida ya Japan, ambayo ni oktani 89 kwenda juu. Petroli ya vituo vyetu iko juu ya hapo. Kwa mtu anayejaza kituo chochote anachokikuta njiani, toleo la pili limetengenezwa kwa maisha yake. Tatizo la valvu halikuondoka kwenye toleo hili, maana upulizaji bado ni ule ule wa moja kwa moja. Waliopona kwa kiasi kikubwa ni wenye 3.5, ambayo ina nozeli mbili kwa kila silinda, moja ndani na moja kwenye njia ya hewa. Lakini hiyo ya 3.5, yenye farasi 318, inataka petroli ya daraja la juu na bajeti nyingine kabisa, na wala hukuiulizia.

Kilomita 98,000 kwenye gari la 2007 zinanitia shaka. Zinaweza kuwa za kweli, Wajapani wengine wanaendesha kidogo sana. Muombe mwenye yadi hati ya kusafirishia gari kutoka Japan pamoja na karatasi ya mnada. Kwenye hati ile huandikwa kilomita zilizosomwa gari lilipokaguliwa kule. Kama hana hata moja kati ya hizo, basi namba ile ya kwenye dashibodi ni ya mapambo. Na kung'aa ni kazi ya mtu wa polishi, siku moja tu.

Ya 2012 yenye kilomita 141,000 naipenda zaidi kabla hata sijaiona. Mwenyewe anajulikana, anaishi mji mmoja na wewe, unaweza kuzungumza na fundi wake. Gari lililotembea sana barabara ndefu mara nyingi lina valvu safi kuliko lililotembea kidogo mjini kwa safari fupi za injini baridi. Muulize alikuwa akibadilisha oili kila baada ya kilomita ngapi, na muache aongee. Anayejali gari lake atakutajia aina ya oili na duka anakonunua bila kufikiri. Anayesema "fundi ndiye anajua" amekupa jibu pia.

Mpigie jioni umwambie utafika kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, shika boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha, na sababu utaijua mwenyewe. Panga siku nyingine. Ikiwa ya baridi, chomoa kipimo cha oili kabla ya chochote, angalia kiasi na rangi. Fungua mfuniko wa oili, tazama upande wa ndani: rangi ya kahawia ya kawaida ni sawa, utomvu mweusi mzito ni oili iliyokaa kupita kiasi. Kisha mwenyewe awashe, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu unaotoka pale pale na kuendelea ni oili inayoungua. Masizi meusi kwenye mdomo wa ekzosi yasikutishe, injini za upulizaji wa moja kwa moja huwa nayo. Baada ya hapo ingia ndani, kaa kiti cha dereva, tazama mshale wa mizunguko. Utapanda juu ya 1,000 kwa sababu ya baridi, halafu utashuka taratibu mpaka karibu 700 na kutulia. Weka mkono kwenye usukani bila kuukaza. V6 nzima hutaihisi. Ikiwa na uchafu kwenye valvu, utaisikia ikirukaruka, kama mtu anayetembea na kokoto kwenye kiatu, na mara nyingi itatulia ikishapata moto. Ndiyo maana nakutaka uende asubuhi, muuzaji akikupokea saa saba mchana hutaona kitu.

Nenda na fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Asome makosa yaliyohifadhiwa, siyo tu kama taa inawaka, na aangalie kama makosa yalifutwa jana. Akikuta P0300 au ndugu zake, hiyo ni silinda kukosa kuwaka. Mtetemo peke yake, bila kula oili, usikufanye ukimbie: pata bei ya kusafisha valvu kutoka kwa fundi aliyewahi kufanya kazi hiyo, ipunguze kwenye bei ya gari, na ununue. Mtetemo pamoja na kula oili, achana nalo hata kama muuzaji atashusha bei mara mbili. Kabla ya kulipa, hakikisha kadi ya gari ina jina lake kweli, na uangalie madeni ya trafiki kwa namba ya gari.

Ile ya yadi iache hapo kwanza. Ukikuta ya 2012 ina kasoro kubwa, usirudi kwenye ya 2007 kwa sababu tu umechoka kutafuta. Mark X za 2.5 za toleo la pili zilitengenezwa mpaka Desemba 2019 na nyingi ziko nchini tayari, zimeshalipiwa ushuru, mikononi mwa watu wanaozitunza. Ukitaka kuagiza mwenyewe kutoka Japan, kumbuka TRA inatoza ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka minane, na unapanda likizidi kumi. Piga hesabu kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma hata shilingi. Na ukiona tangazo lina neno "Four", hiyo ni ya kusukumwa na magurudumu yote manne, ni nzito zaidi na inakula zaidi, na kwa lami ya Dodoma mpaka Dar hutapata faida yake.

Ukishaenda kuiona ile ya mtumishi, niandikie mambo matatu tu: oili ilikuwa kiasi gani kwenye kipimo, mshale wa mizunguko ulitulia wapi, na mashine ilisoma makosa gani.